Kompyuta Isiyopumua

Duka la Zhivko Dermendzhiev lilikuwa finyu mno. Inspekta Dilyana Karadzhova na Sajenti Mladen Pashov walipoingia pamoja, mmoja wao alilazimika kusimama katikati ya magitaa. Aliyesimama huko alikuwa Mladen. Cheo kina faida zake.

"Funga mlango," Dilyana alimwambia. "Na wewe, zima hiyo redio."

Zhivko aliizima. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye kitambi kidogo na vidole vyenye makovu ya kuungua, na kwa miaka kumi na minane alikuwa akiwauzia watu wa mji wa Smolyan kompyuta zilizokwisha kutumika na vifaa vya muziki. Dilyana aliweka mfuko wa ushahidi juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na kompyuta ya mpakato ya kijivu, nyembamba, yenye stika za herufi juu ya kila kitufe.

"Unaifahamu?"

"Ya mama Sevda. Niliiandaa kwa mikono yangu. Amepatikana?"

"Anayeuliza hapa ni mimi."

Sevda Kehayova, mwimbaji, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, alikuwa hajaonekana kwa siku tano. Kilichobaki nyumbani kwake kilikuwa sauti: dakika moja na nusu ndani ya kompyuta hiyo, akimwambia binti yake Nevena kwamba amechoka na milima, anakwenda kwa rafiki yake Uhispania, na asitafutwe. Nevena hakuamini hata neno moja. Alikuwa ameketi kituoni tangu alfajiri, ameshika kichupa cha vidonge vya moyo ambavyo mama yake aliviacha mezani, na Dilyana alipopita alimkabidhi kile kichupa kwa nguvu. "Ukimpata," alisema, "kimoja, chini ya ulimi. Usingoje daktari." Daktari mwenyewe alikuwa ameshasema kwamba siku tano bila dawa hizo ni nyingi, na kuhusu siku ya sita hakutaka kuahidi lolote.

Mwendesha mashtaka Bonchev, yeye, aliiamini ile sauti. Kesho yake ilikuwa tarehe ishirini na nne Mei, sikukuu ya taifa ya herufi na elimu, na mji mzima ulikwisha kuingiwa na sikukuu: milango ya shule ilikuwa imevishwa mashada, watoto walipita na maua makubwa kuliko vichwa vyao. Ofisi zingefungwa saa nane mchana. Saa nane kamili Bonchev angetia sahihi ya kulifunga jalada, aingie garini, aende kwa wakwe zake. Jalada likifungwa, Dilyana asingekuwa na ruhusa ya kugonga mlango wa mtu yeyote. Sasa ilikuwa saa sita na robo.

"Simu ya mwisho ya Sevda ilipigwa kwako," Dilyana alisema. "Ijumaa, saa nne asubuhi."

"Kebo yake ilikuwa inakwaruza. Alitaka nyingine."

"Na Ijumaa adhuhuri ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Mwenye duka la viatu, huyo jirani yako, anasema ulifunga saa tano na nusu."

Zhivko alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta ambayo haikuwa na uchafu wowote. "Nilimpelekea kebo. Nikagonga, hakufungua. Nikaiacha kizingitini, nikarudi. Basi."

"Siku tano unakaa na neno hilo?"

"Kwa sababu ya sura hiyo unayonitazama nayo sasa hivi! Mtu anapotea, na wa mwisho kufika kwake ni mimi. Ningesema nini?"

"Ungesema ukweli, ungetupunguzia siku tano." Dilyana hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha Zhivko zaidi. "Umegonga, hakufungua. Ukaondoka tu? Hukuita? Hukuchungulia?"

"Nilijua anarekodi. Mama Sevda akiwa anarekodi hafungui hata kwa kasisi. Ukimkuta ameacha dirisha wazi, anakuinulia kidole kimoja, hivi, maana yake nyamaza, na wewe unasimama hapo uani mpaka ubeti uishe."

"Ulijuaje kama anarekodi?"

"Friji. Friji lake ni la enzi za chama kimoja, linanguruma mpaka barazani. Siku ile lilikuwa kimya."

Mladen aliacha kuchezea nyuzi za gitaa. Yeye na bosi wake walitazamana. Walipoingia katika nyumba ile siku tatu zilizopita, kitu cha kwanza kilichowapokea kilikuwa harufu ya mtindi wa kondoo uliochacha. Friji lilikuwa limezimwa. Ndani yake, kando ya bakuli la mtindi, mlikuwa na funguo za nyumba. Bonchev alikuwa amecheka sana aliposikia. Mama anazeeka, alisema, kesho tutakuta miwani ndani ya oveni.

"Zhivko," Dilyana alisema polepole, "funguo zake tulizikuta ndani ya friji."

Zhivko alikiacha kile kitambaa.

"Ndani? Mpaka leo zimo?"

"Zilikuwamo mpaka tulipozitoa sisi."

"Basi hakuondoka, dada. Hakuondoka kwa miguu yake." Alijiinamia juu ya kaunta. "Hilo nilimfundisha mimi. Ukitaka kurekodi nyumbani, unazima friji. Lakini ukilizima utalisahau, nyama itaoza. Kwa hiyo unaweka funguo humo ndani. Huwezi kutoka nyumbani bila kufungua friji, na ukilifungua unakumbuka kuliwasha. Kila anayerekodi nyumbani hufanya hivyo. Mama Sevda alinicheka, lakini hakukosa hata mara moja."

Mlango wa mbele ulikutwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa ufunguo. Hilo nalo Bonchev alikuwa ameliita usahaulifu. Dilyana alihesabu moyoni: Sevda anapiga simu saa nne, anazima friji, anaweka funguo, anaketi kurekodi. Kabla ya adhuhuri kuna mtu amekuja, mtu wa kufunguliwa mlango au wa kutougonga kabisa, na kebo inapofika kizingitini nyumba haina mtu.

"Niambie kuhusu hii kompyuta," alisema. "Kwa nini hii na si nyingine?"

"Alikuja Januari, theluji mpaka magotini. Akaketi hapo penye spika. Nikamwonyesha mashine zenye nguvu, za vijana wanaopiga midundo. Akazitegea sikio moja moja kama daktari. Akasema, 'Mwanangu, hizi zote zinapumua. Nataka kompyuta isiyopumua.' Ilinichukua wiki nzima kumwelewa. Feni! Mashine ikipata moto, feni inazunguka, na maikrofoni nzuri inaikamata. Yeye anaimba peke yake, hana ngoma wala zumari la kuificha. Nikamtafutia hii. Haina nguvu nyingi, lakini yeye hahitaji nguvu, anahitaji njia mbili tu za sauti. Nikaiwekea kumbukumbu ya kutosha, diski isiyozunguka, kisanduku kidogo cha nje cha kuingizia sauti, maikrofoni moja ya maana na hedifoni zinazofunika masikio. Nikamwambia achomoe chaja anaporekodi, maana nyaya za nyumba yake zinavuma. Nikabandika na stika za herufi, maana hakuwahi kujifunza kuchapa. Alichapa kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi kana kwamba imemkimbia."

"Sasa sikiliza hii."

Mladen alivaa glavu, akaifungua kompyuta, akaicheza ile sauti. Sevda alizungumza taratibu, bila kukwama. *Nevena mwanangu, usiwe na wasiwasi.* Dilyana alikuwa ameisikia mara ishirini.

"Kile kifilimbi ni cha nini?" Mladen aliuliza.

"Kifilimbi gani?"

"Hicho hicho, afande. Chembamba, nyuma ya sauti. Fiiii. Hakikatiki."

"Mimi sisikii kitu."

"Una miaka mingapi, afande?"

"Arobaini na tisa, na wewe una dakika moja ya kuendelea kuwa sajenti. Zhivko, unasikia?"

Zhivko alikuwa amefumba macho. "Nasikia kidogo. Ni feni ya zamani, tena chuma chake kimeshalika." Alifumbua macho, akaichukua mashine, akaipindua chali. Tumbo lake lilikuwa bati tupu, bila hata tundu moja. "Lakini hii haina feni. Nimekuambia. Sauti hii ilirekodiwa kwa mashine nyingine, ikahamishiwa humu."

Nje mtoto alikuwa akilia kwamba maua yake yamekatika shingo.

"Nani katika mji huu ana kompyuta inayopiga filimbi?" Dilyana aliuliza.

Zhivko aliangalia mlango kwanza. "Sitaki jina langu liandikwe."

"Sema."

"Mwalimu Tahov."

Mladen alipiga mluzi mdogo. Lyudmil Tahov, fundi sauti wa redio kwa miaka thelathini na tano, sasa mstaafu, ndiye mtunzi wa kitabu cha nyimbo mia za milimani, na kesho yake saa tano asubuhi angevishwa nishani kwa kitabu hicho mbele ya mji mzima.

"Mama Sevda alirekodi kwake miaka ishirini," Zhivko alisema, sasa akinong'ona ingawa duka lilikuwa halina mtu mwingine. "Mwaka jana mama huyo, ambaye masikio yake hayajazeeka, akamwambia, 'Lyudmil, mashine yako inapiga filimbi ndani ya nyimbo zangu.' Mwalimu akakasirika vibaya. Hasikii, unaona? Masikio yake hayazipati tena sauti za juu, ni umri, kama... samahani, dada."

"Endelea."

"Halafu kitabu kikatoka. Nyimbo za bibi yake Sevda, zote zimeandikwa 'imetungwa na L. Tahov'. Ndipo mama Sevda akaja kwangu kutafuta kompyuta yake mwenyewe. Anarekodi upya, moja baada ya nyingine, na kila wimbo kabla hajauimba anataja: namba fulani, nimeupokea kwa bibi yangu Stamena Kehayova. Alitaka kuzipeleka redioni kesho, siku ile ile ya nishani."

Dilyana alimpigia Bonchev hapo hapo. Mazungumzo yalikuwa mafupi.

"Feni?" Bonchev alisema. "Unataka nimvunjie mlango Lyudmil Tahov leo hii kwa sababu ya feni? Nusu ya kompyuta za nchi hii zinapiga kelele. Na funguo ndani ya friji! Dilyana, nenda nyumbani ukale patatnik, upumzike."

"Nipe mpaka saa nane."

"Mpaka saa nane ni haki yako. Dakika moja baadaye, si haki yako."

Alikata simu. Hasira zilimpanda Dilyana mpaka masikioni, hayo hayo masikio yaliyokwisha kutukanwa mara mbili siku moja.

"Mladen. Faili la sauti lina jina gani?"

"'Za Nevena', afande. 'Kwa Nevena.' Ila..." Sajenti aliinamia skrini. "Folda ambamo faili hilo limo lina jina la ajabu. Sikulijali juzi. Nilidhani kompyuta imejiandikia yenyewe."

Dilyana aliigeuza skrini upande wake, akalisoma. Lilikuwa limeandikwa: *Pd Kelekd*.

"Ni Kituruki?" Mladen aliuliza.

"Hiyo programu," Zhivko alisema, "ukiipa kazi yako jina mara ya kwanza, inatengeneza folda la jina hilo. Ukikosea ukabadilisha jina la faili, folda linabaki na jina la kwanza. Ni ujinga wake, watu wote wanalalamika."

"Kwa hiyo mtu aliandika hili kwanza, akaona amekosea, akaandika 'Za Nevena'."

"Ndiyo."

Dilyana aliangalia zile herufi. *Pd Kelekd*. Mladen alikuwa na mazoea ya kumcheka kituoni kila alipotumia kompyuta yake, kwa sababu Dilyana alifundishwa chuoni kuchapa kwa mpangilio wa zamani, ule uliotoka kwenye mashine za taipu, na vijana wote walitumia ule mwingine unaofuata sauti za herufi za Kilatini. Kila mmoja aliyekalia kompyuta ya mwenzake bila kuangalia aliandika takataka. Walishawahi kumpelekea Bonchev ripoti nzima ya takataka.

Aliweka vidole vyake kumi juu ya kaunta tupu, akafumba macho, akachapa hewani. Herufi mbili, nafasi, herufi sita.

"Sajenti, njoo uone. Kwangu mimi, Z iko wapi?"

Mladen aliangalia kidole. "Penye P yetu."

"A?"

"Penye D."

"N?"

"Penye K. Na V iko penye..." Midomo yake ilianza kusoma upya, herufi kwa herufi. "Za... Ne-ve-na. Ni 'Za Nevena', afande! Ni maneno yale yale!"

"Ni maneno yale yale kwa vidole vya mzee. Sevda alichapa kwa kidole kimoja akitazama stika. Mtu anayetazama stika anaweza kukosea herufi, lakini hawezi kukosea hivi. Hivi anakosea mtu aliyechapa maisha yake yote bila kuangalia chini." Alikuwa ameshachukua koti. "Redioni kwa mfano."

"Bonchev atasema hata mimi na wewe hukosea hivyo..."

"Bonchev atasema mengi. Saa ngapi?"

"Saba kasoro kumi."

"Zhivko, nifundishe. Una dakika tano. Nataka kumnunulia mpwa wangu kompyuta ya kurekodia muziki."

"Una mpwa?"

"Leo ninaye."

* * *

Nyumba ya Tahov ilikuwa juu kabisa ya mtaa wa Raykovo, mahali lami inapoishia na misonobari inapoanzia. Mwenyewe alifungua mlango akiwa amevaa suruali ya suti na fulana ya ndani, karatasi ya hotuba mkononi. Alikuwa na miaka sitini na minane, mrefu, nywele nyeupe zilizochanwa vizuri.

"Karibuni, karibuni! Mmekuja kwa habari za Sevda? Maskini. Uhispania, na joto lile, na moyo wake ule."

"Hapana, Mwalimu," Dilyana alisema. "Jalada linafungwa saa nane. Nimekuja kwa shida yangu binafsi. Naona haya hata kuisema."

"Sema, binti yangu. Watu wote wananiletea shida zao."

"Mpwa wangu anataka kurekodi nyumbani. Zhivko wa dukani ananishawishi ninunue kimashine kisicho na feni. Nikasema, kabla sijaibiwa, nimuulize anayejua."

Tahov alicheka kwa raha. Chuki yake kwa Zhivko ilimfungulia wageni mlango kuliko hati yoyote ya mahakama. Aliwapeleka chumba cha nyuma, akizungumza njia nzima: kompyuta bila feni ni simu yenye kibodi, kichwa cha mashine lazima kiwe na nguvu, kumbukumbu ijazwe mpaka mwisho, diski mbili, moja ya programu na moja ya sauti, na matundu ya kutosha ya kuchomekea vitu. Alikuwa anaijua kazi yake. Dilyana aliandika kila kitu kwenye daftari, na huku akiandika aliangalia. Dirisha moja. Meza yenye kompyuta nene nyeusi. Kisanduku cha sauti chenye taa mbili za kijani. Ukutani, kabati refu la kanda za zamani lililofunika ukuta mzima, na sakafuni mbele yake mikwaruzo miwili mipya iliyokwenda kwa nusu duara.

"Na chumba chenyewe cha kuimbia kiko wapi?" aliuliza. "Nimesikia zamani ulikuwa na chumba kisichopitisha sauti."

"Nilikibomoa. Nimezeeka, nani atakitumia?"

Mladen alisimama nyuma ya Tahov, karibu na kompyuta. Alijikuna sikio la kulia. Ndiyo walivyokuwa wamekubaliana garini: akijikuna, filimbi ipo. Dilyana hakusikia kitu, wala Tahov hakusikia kitu. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika thelathini na nane.

"Mwalimu, nionyeshe basi. Mtu anaanzaje? Nikamwonyeshe mtoto."

"Rahisi sana. Keti hapa." Alijivutia kiti yeye, akafungua programu. "Kwanza unaipa kazi jina. Mpwa wako anaitwa nani?"

"Nevena."

Vidole vya Tahov vilikuwa vimeshaanza. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, hayakushuka hata mara moja. Herufi ya kwanza aliipiga kwa kidole cha kati cha mkono wa kulia, palepale vijana wanapoweka K. Alipofika katikati ya jina, vidole vilipunguza mwendo. Alilimaliza hata hivyo.

"Kama binti wa Sevda," alisema.

"Ni jina la kawaida. Kisha?"

"Kisha... unabonyeza hapa. Kitufe chekundu."

"Bonyeza, nione."

Alisitasita kidogo sana. Kukataa kungehitaji sababu, na fundi sauti wa miaka thelathini na tano hana sababu ya kukataa kubonyeza kitufe chekundu. Akabonyeza. Skrini ilifunguka, na kushoto kwake zikasimama nguzo mbili nyembamba za kijani.

"Hizi zinapima sauti," Tahov alisema. Nguzo ya kwanza iliruka kwa kila neno lake. "Maikrofoni hii hapa mezani inasikia, nguzo inapanda. Ukinyamaza, inashuka. Umeona? Sasa mwambie huyo mtoto..."

"Ngoja. Tunyamaze kidogo, nione inavyoshuka."

Walinyamaza wote watatu. Nguzo ya kwanza ilishuka, ikabaki chini kabisa, ikitikisika kidogo kwa ile filimbi ambayo Dilyana hakuisikia.

Nguzo ya pili ilipanda.

Ilipanda taratibu, ikashuka, ikatulia. Ikapanda tena. Ndani ya chumba hakuna aliyetoa hata pumzi. Hofu ilimshika Dilyana, hofu na furaha kwa pamoja, kiasi kwamba kalamu ilimwanguka.

"Na ile ya pili ni ya nini, Mwalimu?"

"Imeharibika. Ni umeme tu. Kebo mbovu." Tahov aliinyoosha mikono yote miwili, mmoja kuelekea skrini, mmoja kuelekea waya wa umeme. Mladen aliudaka huo wa pili, akaukunja nyuma ya mgongo, akamlaza kifudifudi juu ya hotuba yake.

Dilyana alifuata kebo kwa macho. Ilitoka kwenye kisanduku cha sauti, ikapita chini ya meza, ikaambaa sakafuni, ikapotelea nyuma ya kabati la kanda. Maikrofoni hiyo ilikuwa imening'inia huko miaka thelathini, na mwenyewe alikwisha kuizoea hata akasahau kwamba inasikia. Dilyana alichukua hedifoni, akazivaa, akainua sauti.

Alisikia pumzi kwanza, fupi, zenye mkwaruzo. Kisha mwanamke akasema, kwa sauti iliyokauka:

"Wimbo wa mia moja na kumi na mbili. Nimeupokea kwa bibi yangu, Stamena Kehayova."

Akaanza kuimba.

Dilyana alizivua hedifoni. Chumba kilikuwa kimya kabisa. Mita tatu kutoka pale aliposimama kulikuwa na mtu anaimba, na hakuna kilichopita.

"Ningemtoa kesho kutwa," Tahov alisema, shavu lake likiwa juu ya meza. "Baada ya sherehe. Nilimpa maji. Mimi si mnyama. Nilitaka siku moja tu, binti yangu, siku moja bila yeye kunitajia bibi yake!"

"Mfunge pingu kwenye bomba, Mladen, uje huku. Kabati linafunguka kwa nusu duara. Vuta!"

Walivuta pamoja. Kanda zilimwagika, kabati likasogea, na nyuma yake kukatokea mlango mnene wenye komeo la chuma. Kwa mkono mmoja Dilyana alipambana na komeo, kwa mwingine akabonyeza simu. Bonchev alipokea mara moja.

"Bado dakika kumi na tano, Dilyana. Kalamu ninayo mkononi."

"Iweke chini," alisema, "na uniletee gari la wagonjwa kwa Tahov." Akaitupa simu bila kuikata.

Komeo lilitoka. Ndani hapakuwa na dirisha, kuta zilikuwa zimefunikwa sponji nyeusi mpaka juu, na hewa ilikuwa nzito. Sevda Kehayova alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, midomo ya buluu. Mwanga ulimpiga machoni. Alimwona inspekta, akamwona sajenti nyuma yake, na hakuacha kuimba. Aliinua mkono, akanyoosha kidole kimoja.

Mladen alitaka kumkimbilia. Dilyana alimshika mkono. Alipiga magoti pale mlangoni, akafungua kichupa, akakamata kidonge kimoja kati ya vidole viwili, akangoja. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Ulikuwa umebaki mstari mmoja tu.

Ubeti ulipoisha, Sevda alifungua mdomo, na Dilyana akamwekea kidonge chini ya ulimi. Nyuma yao, mezani, faili lililoitwa Nevena lilikuwa bado linarekodi.